Ni Tumbo Lipi Linalokatwa? Kijana, Lugha na Uamuzi wa Upasuaji wa Kupunguza Uzani

Neno 'tumbo' katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mingi. Ni sehemu ya mwili iliyo baina ya kifua na nyonga. Ni kiungo kinachopokea chakula kutoka kwenye umio. Na tukisema fulani 'ana tumbo', yamkini ana kitambi au ana mimba. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana hautudhuru kwa kuwa muktadha hutuongoza. Hata hivyo, kuna mahali ambapo muktadha peke yake hautoshi, napo ni katika chumba cha daktari, kijana wa miaka 20 na ushei anapotakiwa kuchagua aina ya upasuaji wa kupunguza uzani.

Makala haya yanadhamiria kutetea hoja moja. Kijana hawezi kuchagua baina ya aina mbili za upasuaji ikiwa lugha inayozungumzwa nyumbani kwao inaziita zote 'kukatwa tumbo'. Jukumu la kuzitenganisha aina hizo kwa maneno si la madaktari pekee. Ni letu pia, sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili.

Yapo watakaouliza suala hili linatuhusu nini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulibaini kuwa takriban theluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Upasuaji wenyewe hufanywa hapa nchini, jijini Nairobi. Juu ya hayo, kijana mnene wa leo amebanwa na ndimi mbili. Kijijini ataambiwa amenawiri, na akipungua ataulizwa kwa mnong'ono iwapo ni mgonjwa, kwa sababu enzi za mwanzo za Ukimwi zilitufundisha kuuogopa wembamba. Chuoni atadhihakiwa kwa unene uo huo. Akitamka kuwa anafikiria upasuaji, ataambiwa ni mvivu anayetafuta njia ya mkato. Baina ya sifa, kejeli na lawama, ni nadra apate mtu wa kumweleza jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni lipi? Kwanza, tuondoe utata. Kufyonza mafuta yaliyo chini ya ngozi ni upasuaji wa umbo. Kuondoa ngozi iliyolegea ni upasuaji wa umbo vilevile. Upasuaji unaozungumziwa hapa haugusi kitambi hata kidogo. Hubadilisha kiungo cha ndani, yaani tumbo la chakula, na wakati mwingine njia ya utumbo mwembamba. Ni tiba ya maradhi, na ina vigezo vyake. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1991 iliwakusudia watu ambao uzani wao kwa kilo, ukigawanywa kwa mraba wa kimo chao kwa mita, unafikia 40, au 35 ikiwa wana maradhi mengine yaletwayo na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikuu vya madaktari wa fani hii, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata pasipo maradhi mengine.

Aina mbili ndizo zinazotawala. Katika aina ya kwanza, daktari hukata na kutoa nje takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula. Kinachosalia ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na homoni zinazochochea njaa hupungua. Utumbo hauguswi. Hata hivyo, sehemu iliyotolewa haitarudi kamwe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fauka ya hayo, kiungulia huweza kuanza au kuzidi, na wapo wanaolazimika kurudi kwa daktari ili wafanyiwe ile aina ya pili.

Aina ya pili itaeleweka upesi na yeyote aliyesafiri kandokando ya Nairobi kwa barabara inayolikwepa jiji. Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takriban mililita 30, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki halitolewi. Limo mwilini kama jiji lililokwepwa: chakula hakipiti humo, lakini majimaji yake ya kusaga chakula bado hushuka na kukutana na chakula mbele ya safari. Upasuaji huu kwa kawaida huituliza kisukari vizuri, na humfaa zaidi mwenye kiungulia kikali. Gharama yake ni uangalizi wa maisha yote. Madini ya chuma, kalisiamu na vitamini B12 havifyonzwi ipasavyo, hivyo tembe za nyongeza humezwa hadi uzeeni. Mtu akila sukari nyingi huenda akatokwa na jasho, moyo ukamdunda na kichwa kikamzunguka, kwa kuwa chakula kimeshuka utumboni kwa kasi. Pombe humlevya upesi. Dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni, ambazo wanafunzi huzinunua dukani bila kufikiri, huweza kumletea vidonda pale palipounganishwa.

Je, ipi bora? Nchini Ufini, utafiti uliowahusisha wagonjwa 240 ulizilinganisha aina hizi, na matokeo ya baada ya miaka 10 yakachapishwa mwaka 2022. Waliofanyiwa ile ya kwanza walikuwa wamepoteza takriban asilimia 43 ya uzani wao wa ziada, na wale wa pili takriban asilimia 51. Kwa upande mwingine, uvimbe wa umio uletwao na asidi ulionekana kwa asilimia 31 ya wale wa kwanza dhidi ya asilimia 7 ya wale wa pili. Tofauti ya uzani si kubwa sana. Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba swali la 'ipi itanipunguza zaidi' ndilo swali duni kuliko yote. Swali lenye uzito ni hili: ni masharti yapi ninayoweza kuishi nayo kwa miaka 50 ijayo?

Kwa kijana, miaka hiyo 50 si tamathali ya usemi. Nchini Marekani, vijana 242 wa umri wa miaka 13 hadi 19 walifuatiliwa baada ya upasuaji. Matokeo ya miaka mitatu, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa uzani wao ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 27, na kisukari kilikuwa kimetulia kwa takriban wote waliokuwa nacho. Papo hapo, asilimia 57 walikuwa na upungufu wa akiba ya madini ya chuma mwilini, na asilimia 13 walikuwa wamefanyiwa matibabu mengine ya tumboni. Msichana ana mengine ya kuyazingatia. Hushauriwa asishike mimba kwa muda wa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visitegemeke baada ya aina ya pili. Kijana asiye na kipato cha uhakika anapaswa kujiuliza ni nani atakayemnunulia tembe hizo akimaliza chuo na kabla hajapata kazi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu mwenye umri wa miaka 24 kwa daktari, pamoja na mama yake, ambaye ni shangazi yangu na ndiye aliyekuwa akitafuta pesa. Daktari alieleza kwa Kiingereza safi, nasi vijana tukatikisa vichwa. Alipomaliza, shangazi akauliza kwa upole, "Sasa daktari, hayo mafuta mkishayatoa huwa mnayatupa wapi?" Daktari hakucheka. Alichukua karatasi akachora tumbo, umio na utumbo, akaanza upya kwa Kiswahili, akikwama hapa na pale kwa kukosa neno. Hapo ndipo maswali ya maana yalipotoka. Ataweza kuzaa? Atakula ugali? Akishindwa kumeza tembe itakuwaje? Binamu yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuchagua aina ya kwanza kwa kuwa rafiki yake aliifanya, alikumbuka kutaja kiungulia kinachomsumbua tangu sekondari. Uamuzi uliahirishwa hadi umio wake uchunguzwe.

Wapo watakaodai kuwa kijana msomi anajua Kiingereza, hivyo hahitaji istilahi za Kiswahili. Dai hili linasahau kwamba katika jamii zetu mgonjwa haamui peke yake. Wanaochanga pesa, wanaomuuguza na watakaompikia wana haki ya kuelewa. Sheria nayo iko upande wetu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa njia za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama zake, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sheria haiwezi kutimizwa kwa maneno yasiyokuwepo.

Basi napendekeza aina ya kwanza tuiite 'upunguzaji wa tumbo la chakula' na ya pili 'uchepushaji wa tumbo la chakula'. Mwenzangu mmoja alipendelea 'upogoaji' kwa aina ya kwanza. Ni neno tamu, ila mti uliopogolewa huchipua, ilhali tumbo lililokatwa halichipui; istilahi inayotoa ahadi ya uongo ni hatari kuliko pengo. Najua pia kuwa 'uchepushaji' utawachekesha wanaowaza michepuko ya kimapenzi. Wacheke, mradi waelewe kwamba chakula kimebadilishiwa njia na tumbo la zamani lingali mahali pake.

Simkatazi kijana upasuaji, wala simhimizi. Kwa aliyelemewa na unene wenye maradhi, ni tiba halali isiyostahili kejeli, na siku hizi zipo hata dawa za sindano za kila wiki za kujadiliwa na daktari kabla ya kisu. Ninachokidai ni kwamba ridhaa inayotiwa sahihi bila kueleweka si ridhaa. Tunao wanafunzi wa isimu wanaosaka mada za tasnifu, na katika vyuo vyetu wamo wanafunzi wa udaktari. Hebu tuketi nao muhula huu, tuandae kijitabu cha kurasa chache chenye michoro na istilahi za upasuaji huu, kisha tukipeleke kliniki kikajaribiwe na akina shangazi. Wao ndio watakaotuambia kama tumefaulu.