DAWA ZA ASILI NA HUZUNI YA ASKARI ALIYERUDI NYUMBANI

Tarehe 31 Desemba 2024 ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, uliokuwa ukiitwa ATMIS, ulifikia kikomo, na Burundi haikuingia katika ujumbe mpya uliofuata. Hivyo ndivyo ulivyomalizika utumishi wa miaka kumi na saba, ulioanza Desemba 2007 vikosi vyetu vya kwanza vilipotua Mogadishu. Wananchi waliwapokea vijana wao kwa shangwe, na ilikuwa haki yao. Lakini shangwe ni ya siku moja. Baada yake askari hubaki na nafsi yake, usiku, nyumbani kwake Gitega au Muyinga, akiyakumbuka yaliyotokea El Baraf tarehe 3 Mei 2022, au mahali pengine ambapo magazeti hayakupata kupataja.

Sisi ambao kazi yetu ni kulisemea jeshi tumezoea kueleza ushindi, nidhamu na misaada kwa wananchi. Leo twapenda kueleza jambo ambalo katika kambi zetu huzungumzwa kwa kunong'ona tu, nalo ni biashara ya dawa za asili na vidonge vya nyongeza wanavyouziwa askari na polisi wenye huzuni.

Zungukeni katika masoko ya miji hii miwili. Kando ya mafungu ya umuravumba na umubirizi, majani ambayo mama zetu walitutibia kikohozi, tumbo na homa, siku hizi yamepangwa makopo yenye maandishi ya kigeni, chupa za mafuta ya habasoda, na unga wa kahawia usio na maandishi yoyote. Muuzaji hana maswali mengi. Huona buti chini ya suruali ya kiraia, akasema: "Hii ya usingizi, afande. Hii ya mawazo." Tumeonyeshwa kopo moja ambalo bei yake ingeilisha familia kwa juma zima.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa Kiswahili huuita sonona. Kirundi kina maneno yake ya zamani, agahinda na akabonge, na hili laonyesha kwamba maradhi haya hayakuletwa na Wazungu. Kulia msiba si sonona. Sonona ni pale huzuni, au kutoona ladha ya kitu chochote, inapomkaa mtu karibu kutwa, siku baada ya siku, kwa muda usiopungua majuma mawili, huku usingizi ukipotea au ukizidi, chakula kikimshinda, nguvu zikimwishia, na mawazo ya kifo yakianza kubisha hodi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wenye ugonjwa huu ulimwenguni wanazidi milioni 280, na katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati matibabu yoyote. Basi askari anayemwendea muuza majani si mjinga. Amekwenda penye mlango ulio wazi.

Je, majani hayo yanafaa kitu? Hapa hatuna budi kusema kweli, hata kama kweli hiyo itawafurahisha wauzaji. Upo mmea mmoja wa maua ya manjano, kwa jina la kitaalamu Hypericum perforatum, ambao kwenye makopo yenye maandishi ya Kifaransa huitwa millepertuis. Mwaka 2008 wachunguzi walikusanya majaribio 29 ya mmea huo, yaliyohusu wagonjwa 5,489. Waliona kwamba ulishinda dawa bandia, na kwamba ulikaribia kulingana na vidonge vya hospitali, tena kwa usumbufu mdogo zaidi mwilini. Hata hivyo matokeo kutoka nchi zinazosema Kijerumani yalikuwa mazuri kuliko ya kwingineko, jambo lililowatia wachunguzi hadhari.

Kwa kuwa mmea huo una nguvu kweli, ndipo ilipo hatari yake. Hulichochea ini kuzivunja dawa nyingine upesi kuliko inavyotakiwa. Mwaka 2000 wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo kwamba unapunguza nguvu ya dawa za UKIMWI. Hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na dada zetu wa polisi wasikie hilo. Tena mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ambao watu wengi humeza dhidi ya malaria, haupaswi kuliwa pamoja nao. Nani miongoni mwetu aliyemaliza miaka mitatu bila malaria? Askari anameza unga wa "mawazo" asubuhi, jioni anapewa dawa ya malaria katika zahanati ya kambi, homa haishuki, na muuguzi hajui la kufanya kwa sababu hakuambiwa. Na mtu akiuchanganya mmea huo na vidonge vya hospitali vya kutibu sonona, aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, hata kuhatarisha maisha.

Vidonge vya nyongeza ni habari fupi zaidi. Huko Marekani watu wazima zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea walifuatwa kwa muda wa miaka mitano hivi, wengine wakipewa vitamini D, wengine mafuta ya samaki, wengine vidonge vitupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020 na 2021. Vitamini haikuzuia sonona, wala mafuta ya samaki hayakuizuia. Dagaa wa Tanganyika ni chakula bora na wataendelea kuwa bora, lakini wanunuliwe kwa bei ya dagaa.

Ipo na "dawa ya asili" ambayo hakuna aiitaye dawa, nayo hutumika kuliko zote: urwarwa, impeke na chupa ya bia. Humpa mtu usingizi wa saa tatu, kisha humwamsha alfajiri akiwa mbaya kuliko alivyolala. Daktari yeyote atawaambia kwamba pombe huizidisha sonona, na kwamba mtu mwenye mawazo ya kujidhuru, aliyelewa na mwenye bunduki karibu, yumo katika hatari kubwa.

Tunamjua sajini mmoja wa Muyinga. Kwa miezi minne alitumia unga alioununua sokoni, akamweleza mkewe kwamba ni wa tumbo. Tulipomwuliza baadaye kwa nini hakwenda kwa daktari, alijibu bila kupepesa macho: angenyang'anywa silaha, angeandikwa kuwa mwendawazimu, na jina lake lingefutwa katika orodha ya watakaotumwa nje safari ijayo. Ada za watoto wake zilitegemea safari hiyo. Maneno hayo yalitusumbua, kwa sababu hatukuweza kumwambia kwamba anasema uongo. Wapo makamanda ambao kwao askari mwenye huzuni ni mvivu, na tumewasikia kwa masikio yetu. Muuza unga hutajirika kwa ukimya huo kuliko kwa unga wake.

Mkewe ndiye aliyevunja ukimya. Alikwenda kwa kamanda wa kikosi, mtu mwenye busara, na sajini akasafirishwa kwa barabara ya Karuzi hadi Gitega, kuliko na tawi la kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Daktari alitaka kwanza kuliona kopo. Lilikuwa limekwisha kutupwa shimoni. Ikabidi angoje siku kadhaa kabla ya kumwanzishia dawa, kwa kuwa hakujua mwilini mna nini.

Ndugu askari na polisi, hatuwaambii myatupe majani ya bibi zenu. Twawaomba muyataje. Chukueni kopo, au hata ukindu wa majani, mkamwonyeshe muuguzi. Na mkipewa vidonge, mjue kwamba huchukua majuma mawili hadi manne, pengine zaidi, kabla nafuu haijaonekana. Wengi huviacha juma la kwanza wakidhani wamedanganywa, kisha hurudi sokoni.

Kuna pia tiba ambayo haiuzwi kwenye kopo, na ilijaribiwa karibu nasi. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda, watu wenye huzuni walikutanishwa katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kwa muda mfupi. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003, kabla ya mikutano watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Baadaye walibaki chini ya 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, zaidi ya nusu walibaki nayo. Nayo mazoezi ya mwili, kama kutembea kwa kasi na kukimbia, yalionekana kusaidia katika uchunguzi mkubwa wa mwaka 2024 uliokusanya majaribio 218. Kukimbia tunakujua. Kuzungumza ndiko kunakotushinda, na twaona hapo ndipo makamanda wanapotakiwa kuanza: wampe askari hakika kwamba kwenda kutibiwa hakutamfutia jina lake katika orodha, na kwamba akiiweka silaha ghalani kwa muda, atairudishiwa apatapo nafuu.

Sajini wetu yuko Muyinga sasa, katika mwezi wa sita wa matibabu. Kila Ijumaa jioni huketi na wenzake watano waliotumikia Somalia, chini ya mwembe, bila chupa. Uani kwake mkewe bado ana kichaka cha umuravumba kwa ajili ya kikohozi cha watoto, na muuguzi wa kambi amekwisha kukiona.