Usajili Uzibe Pengo

Kila unapowadia msimu wa usajili, klabu zetu za Unguja na Pemba huingia katika pirikapirika za kutafuta wachezaji. Majina mengi hutajwa, wapenzi hushangilia na viongozi hujipongeza. Lakini ni nadra kumsikia kiongozi akieleza timu yake ina upungufu gani, na mchezaji aliyesajiliwa ameletwa ili azibe pengo lipi.

Timu haijengwi kwa wingi wa majina. Klabu yenye washambuliaji watano hodari na mlinzi mmoja tu wa kutegemewa itafunga mabao na itafungwa zaidi. Kiongozi makini hujiuliza kabla ya msimu kwisha: nani umri umempita, mkataba wa nani unamalizika, na ni kijana gani wa timu ndogo aliye tayari kushika nafasi hiyo?

Kwa klabu za visiwani suali hili ni zito zaidi, kwa sababu wachezaji wetu bora huchukuliwa na klabu za Bara zenye uwezo mkubwa wa fedha. Nadir Haroub alikuwa nahodha wa Yanga na wa timu ya Taifa. Feisal Salum alitoka JKU akavuka bahari mwaka 2018. Hatuwalaumu vijana hawa. Mpira ni kazi yao, na miaka ya mchezaji uwanjani ni michache. Wanalotuachia ni pengo, na hilo ni letu kulishughulikia.

Wenzetu wa Marekani waliliona tatizo la aina hii zamani. Katika ligi ya mpira wa Kimarekani, ambao huchezwa kwa mikono kuliko miguu, timu zote 32 huchagua kwa zamu, kila mwaka, vijana wanaotoka vyuo vikuu. Iliyoshika mkia hutangulia kuchagua, na bingwa husubiri mwisho. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell wa Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa dhaifu wakati huo. Kwetu mambo ni kinyume: mwenye nguvu huchagua kwanza, na mnyonge huokota kilichobaki. Hatusemi utaratibu wa Marekani uletwe hapa, kwani mpira wetu unafuata soko huria. Lakini mnyonge asiyelindwa na zamu hana budi ajilinde kwa mkataba.

Nguvu ya mkataba tumeiona. Feisal alipotaka kuondoka Yanga mwishoni mwa mwaka 2022, kamati husika ya Shirikisho la Tanzania, TFF, iliamua kuwa bado ni mchezaji halali wa klabu hiyo. Hakwenda Azam mpaka Juni 2023, klabu hizo mbili zilipokubaliana. Kilichoilinda Yanga ni karatasi iliyotiwa saini. Je, klabu ngapi za visiwani zina karatasi kama hiyo kwa kila kijana wanayemlea? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala tusitarajie kwamba kanuni za kimataifa zitatutetea. Fidia ya malezi iliyowekwa na FIFA inahusu wachezaji wanaohama kutoka shirikisho moja mwanachama kwenda jingine, na Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Hata uanachama wa CAF tuliupata Machi 2017 na kuupoteza Julai ya mwaka huo huo. Kwa hivyo haki ya klabu iliyomlea mchezaji haina budi iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na fungu lake iwapo atauzwa tena.

Vipaji havikosekani. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji, na mwaka 2017 ilifika fainali nchini Kenya ikashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Mlandege ilichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na mwaka 2024 ikalichukua tena kwa kuifunga Simba katika fainali. Aliyeweza kufanya hayo kwa mfuko mdogo angeweza makubwa zaidi kwa mpango mzuri.

Tunashauri basi kwamba Shirikisho la hapa, ZFF, liitake kila klabu iwasilishe mikataba ya wachezaji wake, wakiwemo vijana, na liwasaidie viongozi wasiojua kuiandika. Timu za vikosi, ambazo huweza kumpatia mchezaji ajira, zisizikaushe klabu za uraiani bila ya makubaliano. Nayo Wizara inayohusika na michezo izidishe walimu wa mpira katika skuli, kwa kuwa huko ndiko mlinda mlango na mlinzi wa kesho wanakoanzia.

Serikali imetumia fedha nyingi kuufanyia Uwanja wa Amaan matengenezo makubwa, na ulifunguliwa tena Desemba 2023. Ni uwanja wa kujivunia. Lakini wananchi hawalipi kiingilio ili kutazama viti. Wanataka kuona timu iliyopangika, na timu ya namna hiyo huanzia mezani kwa viongozi, kabla ya filimbi ya mwanzo kulia.