Mzigo wa Msafiri na Nyumba Aliyoiacha



 Juma hili tumependa kuzungumzia safari ya ibada, lakini si kwa upande wa anayekwenda peke yake. Tunataka tumtazame pia yule anayebaki, ambaye aghalabu hatajwi siku ya kuagana wala siku ya kulakiana.

Mfano wetu tunauchukua mbali na pwani. Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Mei, makundi ya mahujaji wa Kikatoliki huondoka Kitale na Bungoma kwa miguu kuelekea Namugongo, karibu na Kampala, ili wawahi sikukuu ya tarehe 3 Juni. Anayetoka Kitale na kufuata njia ya Bungoma huvuka mpaka Malaba, akapita Tororo na Iganga, na kufika Jinja anapouvuka Mto Nile. Safari hiyo yazidi kilomita 300. Mwenye kwenda kilomita 30 kwa siku, bila kuugua wala kupumzika hata siku moja, hana budi kutembea siku zaidi ya kumi.

Waendako ni mahali penye historia nzito. Hapo ndipo Wakristo wengi walipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Na wasomaji wetu wajue kwamba damu ya Waislamu ilitangulia kumwagika Namugongo. Katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa, babake Mwanga, aliamuru wauawe Waislamu waliokataa kuswali nyuma ya asiyetahiriwa na kula nyama iliyochinjwa kinyume na sharia. Uislamu wenyewe ulifika Buganda kwa nyayo za wafanyabiashara waliotoka pwani. Ahmed bin Ibrahim alikwisha kufika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844. Na Mumias, jirani na Bungoma, palikuwa kituo cha misafara ya wazee wetu wa pwani. Kwa hiyo nchi ile si ngeni kwetu, wala kutembea si jambo geni.

Hatuandiki haya ili tuige ibada isiyo yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mahali pa kufungiwa safari kwa ajili ya ibada ni misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Al-Aqsa. Lakini jirani akifanya jambo lenye funzo, mwenye akili hulitazama.

Tulitazame basi. Mei ni mwezi wa mvua katika Trans Nzoia na Bungoma. Mahindi yaliyopandwa Machi na Aprili yanataka kupaliliwa, na magugu hayamngojei mtu arudi Namugongo. Mkulima akishika njia kwa majuma mawili au matatu, jembe lake hushikwa na mtu mwingine. Ng'ombe wake hukamuliwa na mtu mwingine, na mtoto wake huamshwa na mtu mwingine aende shule. Huko njiani nako, mizigo hubebwa garini, wenyeji huteka maji na kupika, na wenye miguu iliyotoka malengelenge huoshwa na kufungwa vitambaa. Anayeonekana barabarani ni mtu mmoja mwenye fimbo. Waliomfikisha ni wengi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoutazama mzigo wa mke, dada au binti aliyeachiwa nyumba wakati mwenzake yumo katika safari ya kheri.

Sisi nasi tuna safari yetu. Katika Sura ya Hajj, Mwenyezi Mungu ametaja watu watakaoijia Nyumba yake kwa miguu na juu ya wanyama waliokonda kwa safari. Hata hivyo, mafundisho ya Mtume (s.a.w.) hayakumtaka mtu ajitese. Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili. Alipouliza, akaambiwa kwamba mzee ameweka nadhiri ya kutembea. Mtume akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu kujiadhibu nafsi yake, akaamuru apande mnyama. Vilevile dada yake Uqba bin Amir (r.a.) aliweka nadhiri ya kuiendea Nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa miguu. Alimtuma nduguye akamuulizie Mtume, na jawabu likawa: atembee, na apande pia.

Tuyatafakari masimulizi haya mawili. Wale wana wawili walikuwa watiifu kwa baba yao, wakamshika wasimwache aanguke. Lakini msaada uliomfaa zaidi ulikuwa kumtafutia kipando. Na yule mwanamke alimpata ndugu aliyekubali kutumwa, akaenda kuuliza, akarudi na nafuu. Kumsaidia msafiri wa ibada si kumsukuma afike kwa vyovyote. Ni kumfikisha akiwa mzima.

Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi siku hizi. Ndege humfikisha mtu Jeddah kwa saa chache, lakini miguu bado ina kazi yake. Kutoka Makka hadi Arafa ni kama kilomita 20, na mizunguko saba ya Safa na Marwa pekee yazidi kilomita tatu. Katika Hija ya mwaka 2024, joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Ilieleza kuwa zaidi ya wanane katika kila kumi kati yao walikuwa wamekwenda bila kibali, wakatembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Kwa hiyo mtoto anayemnunulia mzazi wake safari ya bei nafuu isiyo na kibali, akidhani amemfanyia wema, huenda anamtoa juani peke yake. Kama fedha hazijatosha, ni bora kusubiri. Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo hana lawama.

Na uwezo huo, kama walivyoeleza wanazuoni wetu, hauishii kwenye nauli na masurufu ya njia. Ndani yake mna matumizi ya wale wanaomtegemea msafiri mpaka atakaporejea. Anayeuza kiwanja cha watoto, au anayeondoka huku deni la duka likimgonga mkewe mlangoni, hajawa na uwezo huo. Kinyume chake, anayebaki na kuitunza nyumba ana fungu lake. Katika mapokezi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.) aliyoyapokea Ibn Khuzayma, anayemwandaa mwenye kuhiji, au kuwatunza vyema watu wake aliowaacha, hupata ujira mfano wa ujira wake.

Basi, jamaa wanapokutana kumwaga haji mtarajiwa, wasiishie kwenye dua na sahani ya pilau. Wakae na wagawane kazi kwa majina. Nani atamwogesha nyanya mgonjwa? Nani atakwenda mkutano wa wazazi shuleni? Nani atalipa maji na umeme? Mama aliyebaki na watoto watano apate shemeji wa kumfanyia soko na jirani wa kumpokea watoto alasiri. Na kama anayekwenda ni mama, wanaume wa nyumba hiyo wajifunze mapema kupika uji na kufua sare, wasimpigie simu Mina kumuuliza chumvi iko wapi.

Naye msafiri ajiandae. Aanze kutembea miezi kadhaa kabla, asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kwa viatu atakavyosafiri navyo. Amwone daktari, na asione haya kupanda kiti cha magurudumu akichoka. Akirejea, kabla hajasimulia aliyoyaona, awaulize nyumbani waliyoyapata, kisha awape siku ya kupumzika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wenye nia ya Hija safari ya salama na yenye kukubaliwa, na awalipe kheri waliobaki wakizishika nyumba zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.