Chumvi ya Ivuna na Imani ya Kimondo

Mkoa wetu wa Songwe unajulikana kwa jiwe. Mgeni akija huku ataelekezwa Ndolezi, wilayani Mbozi, akaone kimondo, lile pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10 lililotoka angani. Hata sisi wa Momba tunacho chetu, ingawa hakisemwi sana: mwaka 1938 kimondo kidogo, kisichofika kilo moja, kiliangukia Ivuna, na wataalamu wa nchi za mbali wanakichunguza mpaka leo.

Lakini Ivuna hiyo hiyo ina chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale mwaka 1966 walikuta kwamba watu wamekuwa wakipika chumvi mahali hapo tangu zaidi ya miaka 600 iliyopita. Unachuja, unachemsha, unapata kidogo, na kesho unaanza tena. Bwana Yesu alipotafuta mfano wa wanafunzi wake alichagua chumvi. Vimondo hakuvigusa.

Nayasema haya kwa sababu Wakristo wengi wa siku hizi, kuanzia Tunduma mpaka hapa Chitete, wanaishi kwa imani ya kimondo. Furaha yao yote wameiweka katika usiku mmoja: mkesha wa upenyo, mkutano wa kufunguliwa, mtumishi anayekuja kutoka mjini na vipaza sauti vyake. Siku nyingine 364 ni za kusubiri. Mtu anakuambia, "Mwaka huu ni mwaka wangu," na ndoa yake ina miezi mitatu bila maneno ya kawaida mezani.

Tazameni pia majira ya mikutano hiyo. Huja baada ya mavuno, mahindi yakiwa ndani na ufuta ukiwa umeuzwa. Sijasikia mkutano mkubwa wa upenyo uliopangwa mwezi wa Januari, ghala likiwa tupu na kila mtu yuko shambani anapalilia. Na sadaka yake huitwa mbegu. Neno hilo linatumiwa mbele ya wakulima, watu wanaojua vizuri kabisa kwamba mbegu ukiitupa na kuondoka hupati kitu. Mkulima wa Momba akiambiwa atoe magunia mawili leo avune mia bila jembe, angemcheka mwuza pembejeo. Mhubiri hamcheki. Kwa nini?

Tumeshaonywa, na kwa gharama. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi porini, wagonjwa wakafia njiani, wengine walikuwa wametolewa kwenye vitanda vya hospitali. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana ili wawahi kukanyaga mafuta ya upako. Siwahukumu marehemu wale. Walikuwa na shida za kweli. Nawauliza waliowafundisha kwamba Mungu yuko upande ule wa geti na kwamba mlango utafungwa.

Naamani alikasirika kwa jambo hili hili. Alitaka nabii atoke, asimame, apunge mkono. Akaambiwa akaoge mtoni, mara saba. Waliomrudisha kwenye akili zake walikuwa watumishi wake, watu waliozoea kuteka maji.

Wapo watakaonijibu kwamba hata mana ilitoka mbinguni. Ni kweli. Ila ilibidi iokotwe kila asubuhi, kila nyumba kwa kadiri ya walaji wake, na aliyejaribu kuilimbikiza aliikuta ina mabuu. Wengine watasema ninawarudisha watu kwenye dini ya mazoea. Hapo nasimama nao kidogo, maana mazoea yaliyokufa yapo, na wazee wetu wengine walisali kwa mdomo huku jirani yao analala njaa. Lakini dawa ya chungu kilichozima moto ni kuuwasha tena, siyo kungoja jiwe kutoka juu.

Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi moja ndogo. Tangu mwaka 1731 kanisa lao limekuwa likichapisha kitabu cha maneno ya kila siku, neno moja kwa asubuhi moja, bila kuruka mwaka. Nyumba ikisoma neno lile, mtoto akaulizwa amesikia nini, kisha baba akaenda shamba na mama sokoni, hakuna ushuhuda wa kusimulia jukwaani. Fanyeni hivyo miaka kumi, halafu mlinganishe nyumba hiyo na ya mtu wa mikesha.

Vijana nao wana kimondo chao ndani ya simu: mhamasishaji anayewaambia waamke saa kumi na moja, watabasamu mbele ya kioo, waandike mambo matatu ya kushukuru. Si mabaya. Ubaya wake ni kwamba jirani hayumo. Kushukuru kwa Mkristo kuna miguu. Kama unamshukuru Mungu kwa mahindi, kuna mjane wa kupelekewa debe. Kama unashukuru kwa afya, kuna mgonjwa ambaye hajapata mtu wa kumtekea maji tangu juzi.

Na kuna deni. Hili silisikii likihubiriwa. Mtu anafunga siku tatu avunjiwe roho ya huzuni, na jina lake limo kwenye daftari la dukani tangu msimu uliopita. Akilikaribia duka anapita njia ya nyuma. Huzuni hiyo haina pepo. Apeleke elfu mbili leo, wiki ijayo elfu mbili, amtazame mwenye duka usoni na kumwambia, "Mama, zimebaki kumi." Atapita njia kuu, atasalimiwa, atacheka na watu. Mimi naiita hiyo furaha ya wokovu, hata kama hakuna aliyeanguka chini.

Kwa hiyo wazee wa kanisa watakapokaa kupanga mkutano wa mwaka huu, na mtu akaleta makadirio ya jukwaa, jenereta na nauli ya mgeni, nashauri pawepo karatasi ya pili mezani. Iandikwe ni nyumba ngapi katika usharika zinasali pamoja asubuhi, ni wagonjwa gani hawajatembelewa mwezi huu, na nani anadaiwa na nani hapa hapa kanisani. Isomwe kwanza hiyo, kwa sauti, kabla ya ile ya jenereta.