Nipumue namna gani chini ya mashine?

Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja alinivuta pembeni. Anatibiwa kansere ya titi la kushoto, ng'ambo ya mpaka, na amebakiza seansi chache za mionzi. Akaniambia: "Mwalimu, mashine ikianza kulia, mimi nabana pumzi kwa woga. Fundi anaisimamisha, ananigombeza. Kosa langu ni nini?"

Kosa si lake, hakuelezwa.

Wekeni mkono kifuani, mvute pumzi. Mkono unapanda, sivyo? Titi nalo linapanda. Katika kupumua kwa kawaida ni milimita chache tu, na waganga wanaacha nafasi kidogo kwa ajili ya mwendo huo. Lakini mionzi inapangwa kufuata picha za skaneri zilizopigwa kabla ya seansi ya kwanza. Kama siku ile ulipumua polepole, chini ya mashine pumua vilevile. Ukijaza kifua na kubana, titi linatoka mahali lilipopangwa.

Sasa, kuna hospitali ambako mgonjwa anaombwa kubana pumzi makusudi, zaidi yule wa titi la kushoto. Mapafu yakijaa hewa, moyo unashuka na kwenda mbali na titi. Hilo si jambo dogo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza habari za wanawake wa Sweden na Denmark waliopata mionzi kati ya 1958 na 2001: kadiri moyo ulivyopokea mionzi mingi, ndivyo ugonjwa wa moyo ulivyozidi, hata miaka mingi baadaye. Basi mama anafundishwa kuvuta hewa nyingi, kushika sekunde kama 20, kuachia, kupumzika, kuanza tena. Hata picha za skaneri zinapigwa akiwa amebana hivyo. Pumzi ikimponyoka, au akikohoa, mionzi inakatwa mara moja.

Pasipo mpango huo, waganga wanaulinda moyo kwa njia nyingine, kama kugeuza upande mionzi inakotoka. Kwa hiyo mtu asiache matibabu kwa sababu hiyo, kansere haingoji.

Yule mama alitaka kujua kama seansi zake zimeharibika. Nilimwambia amwulize munganga wake, lakini fundi aliyesimamisha mashine alikuwa anamlinda. Jumatatu anarudi. Tumeandika swali lake kwenye karatasi: "Nipumue kawaida, ao nibane?"