Bomu la Atomiki Halikujiangusha Lenyewe

Kila Agosti inapofika, na zaidi tangu filamu ya Oppenheimer ilipotoka mwaka 2023, ubishi kuhusu bomu la atomiki hurudi vijiweni, madarasani na kwenye makundi ya simu. Hoja ni zilezile, na husemwa kwa uhakika uleule. Nazijibu hapa moja baada ya nyingine. Simtetei Mjapani: jeshi lake lilifanya unyama China, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki, na hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kasoro inayozipitia karibu hoja zote hizi, yaani kuisimulia historia kana kwamba ilijiendea yenyewe na hapakuwa na mtu aliyechagua. Kumbukumbu za vita zina vikao, saini na tarehe.

Dai la 1: Einstein ndiye aliyetengeneza bomu

Fomula yake ya mwaka 1905 inaonyesha kwamba kiasi kidogo cha mata kimebeba nishati kubwa mno. Haielezi namna ya kuitoa. Mlango ulifunguka Berlin mwishoni mwa 1938, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu. Lise Meitner, aliyekuwa amewakimbia Wanazi hadi Sweden, na Otto Frisch, mtoto wa dada yake, ndio waliofafanua kwamba kiini cha urani kilikuwa kimepasuka.

Einstein alitia saini barua ya tarehe 2 Agosti 1939 kwa Rais Roosevelt, iliyoandaliwa hasa na mwanafizikia Leo Szilard. Mradi wa kutengeneza bomu ulipoanza kwa dhati hakuitwa, maana jeshi la Marekani halikuuamini msimamo wake wa kisiasa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mradi wa Manhattan ulipofikia kilele ulikuwa na watu wapatao 130,000: waliochuja urani Oak Ridge, waliozalisha plutoniamu Hanford, na waliobuni bomu lenyewe Los Alamos.

Dai la 2: Ilikuwa kazi ya Wamarekani wenyewe

Barua hiyohiyo ya 1939 ilimwambia Roosevelt kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani kilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Hesabu iliyoonyesha kwamba bomu linawezekana ilipigwa Birmingham, Uingereza, Machi 1940, na wakimbizi wawili, Frisch na Rudolf Peierls. Kinu cha kwanza cha nyuklia kiliwashwa Chicago tarehe 2 Desemba 1942 chini ya Mtaliano Enrico Fermi.

Malighafi nayo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihofia Wajerumani wangeyatwaa madini hayo, akasafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York. Zilikaa ghalani Staten Island hadi Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa Mradi wa Manhattan alipokwenda kuzinunua. Madini hayo yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65. Baada ya vita, Wamarekani walipopata mwamba wenye asilimia 0.3 walijiona wamebahatika. Wakati wa vita mgodi wa Shinkolobwe, uliokuwa umefungwa na kujaa maji, ulifunguliwa upya, na karibu theluthi mbili ya urani ya mradi mzima ikatoka Kongo.

Waliochimba na kubeba walikuwa Wakongo chini ya utawala wa kikoloni, katika migodi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Vitabu vingi vya historia ya bomu vina jina lake, na havina jina hata moja la mchimbaji.

Dai la 3: Ilibidi, maana Hitler alikuwa karibu kulipata

Hofu ilikuwa ya kweli mwaka 1939, hata 1942. Lakini katikati ya 1942 Ujerumani iliamua kutoupandisha utafiti wake hadi kiwango cha viwanda. Novemba 1944 kikosi cha ujasusi wa kisayansi cha Marekani kilichoitwa Alsos kiliingia Strasbourg, kikakamata nyaraka za wanasayansi wa Kijerumani. Samuel Goudsmit wa kikosi hicho alizisoma akaona kwamba Wajerumani hawakuwa na bomu wala hawakukaribia kuwa nalo.

Joseph Rotblat, mwanafizikia Mpolandi aliyekuwa Los Alamos, aliondoka mwishoni mwa mwaka huohuo kwa hoja rahisi: sababu iliyomleta haikuwepo tena. Wenzake karibu wote walibaki. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, na bomu la kwanza lilijaribiwa jangwani New Mexico tarehe 16 Julai. Tena, Septemba 1944 Roosevelt na Churchill walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba silaha hiyo ingeweza kutumiwa dhidi ya Japani. Hofu ya Hitler inaeleza kwa nini kazi ilianza. Haielezi kwa nini iliendelea baada yake.

Dai la 4: Hiroshima ilikuwa kambi ya kijeshi, na wakazi walionywa

Rais Truman mwenyewe, aliyemrithi Roosevelt, katika hotuba yake ya redio ya tarehe 9 Agosti 1945, aliiita Hiroshima kituo cha kijeshi. Ni kweli makao makuu ya Jeshi Kuu la Pili la Japani yalikuwa pale, pamoja na maelfu ya askari. Lakini rubani hakuelekezwa kwenye kambi, wala bandari ya Ujina, wala viwanda vya pembezoni. Alama yake ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kamati ya kuchagua shabaha, iliyokutana Los Alamos tarehe 10 na 11 Mei, ilitaka miji mikubwa, na ilitilia uzito athari ya bomu katika nafsi za Wajapani. Tarehe 31 Mei kamati iliyoongozwa na Waziri wa Vita, Henry Stimson, ilikubaliana kwamba shabaha bora ni kiwanda muhimu cha vita chenye wafanyakazi wengi, kilichozungukwa na nyumba zao kwa karibu. Kamati hiyo ndiyo iliyopendekeza pia bomu litumike bila onyo. Vipeperushi vilidondoshwa katika miji mingi ya Japani kuonya kuhusu mashambulizi ya kawaida ya ndege, lakini hakuna kilichowaambia watu wa Hiroshima kwamba silaha ya aina mpya inakuja. Hadi mwisho wa 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wakiwemo maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wamepelekwa Japani kwa kazi za shokoa.

Dai la 5: Bila bomu, Wamarekani milioni moja wangekufa

Namba hii ilienea kutokana na makala ya Stimson ya Februari 1947, vita ilipokuwa imekwisha na lawama zimeanza. Hata yeye hakusema milioni ya vifo, bali milioni ya waliouawa na kujeruhiwa kwa pamoja. Juni 1945 wapangaji wa jeshi walikuwa wamekadiria kwamba uvamizi wa Kyushu na kisha eneo la Tokyo ungegharimu Wamarekani karibu 40,000 waliokufa na 150,000 waliojeruhiwa. Wapo waliokadiria zaidi, hasa baada ya umwagaji damu wa Okinawa.

Vifo 40,000 si vichache, na aliyetamani vita iishe upesi hakuwa mjinga. Watu wa China na Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wakifa kila siku chini ya Wajapani. Hata askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopigana na Wajapani bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, walikuwa na kila sababu ya kuutaka mwisho. Hitilafu ya dai hili ni kudhani njia zilikuwa mbili tu, bomu au uvamizi. Uvamizi ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba. Kabla ya hapo palikuwa na mzingiro wa bahari, kuingia vitani kwa Wasovieti, na uwezekano wa kuwaahidi Wajapani kwamba mfalme wao angebaki. Ahadi hiyo Stimson mwenyewe aliipendekeza, ikaachwa nje ya Azimio la Potsdam la tarehe 26 Julai, lililoitaka Japani isalimu amri.

Dai la 6: Truman alipima kila bomu kabla ya kuliamuru

Amri iliyopo ni ya tarehe 25 Julai 1945, yenye saini ya Jenerali Thomas Handy. Iliagiza bomu la kwanza liangushwe baada ya takriban tarehe 3 Agosti hali ya hewa ikiruhusu, na mengine yafuate kila yatakapokuwa tayari. Hapakuwa na kikao cha pili kuhusu Nagasaki. Bomu la pili lilipangiwa tarehe 11, likasogezwa nyuma hadi tarehe 9 kwa sababu ya utabiri wa hali ya hewa, siku tatu tu baada ya Hiroshima.

Hata Nagasaki haikuwa shabaha ya kwanza siku ile. Ndege ilikwenda Kokura, ikazunguka juu ya mji bila kuiona shabaha, mafuta yakaanza kuwa haba, ndipo ikageukia Nagasaki. Watu wapatao 70,000 walikufa hadi mwisho wa mwaka. Tarehe 10 Agosti Truman aliagiza lisiangushwe bomu jingine bila idhini yake, akawaambia mawaziri kwamba wazo la kuangamiza watu wengine 100,000 linatisha. Basi uwezo wa kuzuia alikuwa nao muda wote.

Dai la 7: Bomu peke yake lilimaliza vita; au, Japani ilikuwa imekwisha kusalimu amri

Madai haya mawili yanapingana, na yote mawili yamepotoka. Tuanze na la pili. Julai 1945 Tokyo ilikuwa ikiiomba Moscow iwe mpatanishi, na Wamarekani walikuwa wakizisoma simu hizo za siri. Kutafuta mpatanishi si kusalimu amri. Hata tarehe 9 Agosti, baada ya Hiroshima, watu sita wa Baraza Kuu la Vita waligawanyika tatu kwa tatu. Usiku wa tarehe 14 maofisa waasi waliingia ikulu wakisaka sahani ya hotuba ya Mfalme Hirohito ili isitangazwe.

Dai la kwanza nalo linasahau usiku wa manane wa kuamkia tarehe hiyohiyo 9, majeshi ya Kisovieti yalipoingia Manchuria. Tumaini la upatanishi wa Moscow lilikufa pale. Baraza lilikuwa tayari kikaoni habari ya Nagasaki ilipofika, na mgawanyiko haukubadilika. Katika hotuba yake kwa taifa tarehe 15 Agosti, Hirohito alilitaja bomu jipya la kikatili. Siku mbili baadaye, akiwaandikia askari wake, alitaja Wasovieti na hakulitaja bomu. Pigo lilikuwa mara mbili ndani ya siku tatu, na anayelihesabu moja tu anachagua anachotaka kukiona.

Dai la 8: Tusiwahukumu kwa macho ya leo

Hoja hii ndiyo inayoonekana ya busara kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Juni 1945 wanasayansi wa Chicago chini ya James Franck waliiandikia serikali wakipendekeza nguvu ya bomu ionyeshwe mbele ya mataifa mahali pasipo watu, na wakaonya kuhusu mashindano ya silaha. Tarehe 17 Julai Szilard na wenzake, saini 70 kwa jumla, walimwandikia Rais wakimsihi asilitumie kabla Japani haijaelezwa masharti waziwazi na kuyakataa. Ombi hilo lilikwama mikononi mwa maofisa wa mradi na halikumfikia Truman kabla ya Hiroshima. Admirali William Leahy, mkuu wa watumishi wa kijeshi wa Rais, aliandika mwaka 1950 kwamba silaha hiyo haikuwa na msaada wa maana katika kuishinda Japani.

Huenda Franck, Szilard na Leahy walikosea katika hili au lile. Lakini hawakuwa watu wa leo. Walikuwamo ndani ya nyumba, na Franck na Szilard walisema pana njia nyingine wakati njia hiyo ingali wazi. Anayetaka kutetea uamuzi wa Agosti 1945 ana haki ya kuutetea, alimradi autetee kama uamuzi.