Kufunga Kwanza, Kisha Kutawakali

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa kiume na wa kike, juma hili tumependa kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana halina nafasi katika safu ya dini: namna ya kuipakia na kuifunga pikipiki juu ya pikapu. Pikipiki husafirishwa kwa njia hii kutoka Mombasa kwenda Kilifi, Malindi, Garsen, Witu na hadi Mokowe, ambako gari hukomea na safari ya Lamu huendelea kwa bahari. Nyingi huwa mpya, zimenunuliwa kwa mkopo au kwa fedha za chama cha akina mama, ili kijana wa nyumbani apate riziki ya bodaboda. Ndani ya bodi ya gari lile, basi, imo karo ya watoto, imo kodi ya nyumba, umo na unga wa jioni. Nayo mara nyingi utaikuta imeegeshwa kwa stendi ya pembeni, imezungushiwa kamba moja kitini, na dereva akiulizwa hujibu, "Inshallah itafika."

Inshallah ni neno tukufu, lakini halikuwekwa lishike mahali pa kamba. Imam Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge, kisha atawakali. Tazameni mpangilio wa jawabu hilo: tawakali haikuiondoa kamba, bali kamba ndiyo iliyotangulia.

Na tuelewe kwa nini kamba moja ya kitini haitoshi. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda huzidi kilo 100, nayo imesimama juu ya magurudumu mawili tu. Gari likenda kasi, mzigo nao huwa na kasi ile ile. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari husita lakini mzigo hutaka kuendelea mbele. Likipinda kona, mzigo hutaka kwenda upande. Likiruka tuta, huinuka kisha hushuka kwa kishindo. Kiti ni laini, hubonyea, na kamba iliyokishika hulegea. Stendi ya pembeni nayo imetengenezwa kwa pikipiki iliyotulia chini. Juu ya gari linalotikisika hujikunja au huteleza.

Wasafirishaji wazoefu hufuata utaratibu mwingine. Pikipiki hupandishwa kwa ubao imara, watu wawili au watatu wakisaidiana, injini ikiwa imezimwa. Gurudumu la mbele huegemezwa kwenye ukuta wa mbele wa bodi na kuwekewa vipande vya mbao pande zote mbili lisigeuke. Stendi hukunjwa, ili pikipiki isimame wima juu ya magurudumu yake, ikiwa katika gia ya kwanza. Koki ya petroli hufungwa.

Kisha huja mikanda minne. Miwili ya mbele, kulia na kushoto, hushika chuma kinachounganisha shokamzoba za mbele chini ya usukani, ikavutwa mbele na chini kuelekea kulabu za pembe za bodi. Isifungwe kwenye mipira ya kushikia, vioo, wala mikono ya breki na klachi, kwani vitu hivyo huzunguka na kuvunjika. Hukazwa kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka shokamzoba zibonyee takriban nusu. Zikiachwa bila kubonyea, tuta la kwanza litailegeza mikanda. Zikibanwa hadi mwisho, sili zake zaweza kuharibika. Miwili ya nyuma hushika fremu, si keria wala taa, ikavutwa chini, kila mmoja upande wake.

Mikanda bora ni ile mipana ya kufumwa yenye kikazio cha chuma. Asiyekuwa nayo atumie kamba nene zilizo nzima, kila pembe na kamba yake. Kamba moja ndefu inayozunguka pikipiki yote ni hatari, kwa kuwa ikikatika mahali pamoja, kote hulegea. Kamba ya nailoni hunyumbuka. Kwa hivyo ikazwe tena njiani. Panapogusa ncha kali pawekwe kitambaa. Baada ya kilomita 10 hivi gari lisimame, mikanda ishikwe kwa mkono mmoja baada ya mwingine, na vivyo hivyo kila kituo. Tena abiria, hasa watoto, wasikalishwe bodini pamoja na pikipiki. Ikianguka, wao ndio watakaokuwa chini yake.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, msingi ni kwamba aliyepewa amana halipi kilichoharibika bila ya kosa lake. Ila akivuka mpaka au akizembea, hulipa. Dereva ajiulize: pikipiki iliyofungwa kamba moja ikianguka, je, huo ni mtihani wa Mungu au ni uzembe wake mwenyewe? Na yupo mwingine mwenye haki ambaye hayumo katika mapatano ya nauli, naye ni yule anayekuja nyuma: matatu iliyojaa watu, au mama juu ya bodaboda na mtoto mgongoni. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, basi mwenye kuuangusha udhia njiani na aihisabu nafsi yake.

Mama zetu na dada zetu, mara nyingi fedha ni zenu na kijana ni wenu. Msiseme mambo ya magari ni ya wanaume. Kabla gari halijaondoka ulizeni matatu: mikanda ni mingapi, imeshika wapi, na itakaguliwa wapi njiani. Isukumeni pikipiki kwa mkono. Ikicheza yenyewe bila ya gari kucheza, haijafungwa. Kuuliza huku si utovu wa adabu, bali ni kuisimamia amana. Nanyi msimbane dereva kwa nauli ya chini mno, kisha mkamharakisha. Kazi ya kufunga ina wakati wake na ujira wake. Akikataa kufunga vyema, ishusheni na mtafute gari jingine. Siku moja ya kuchelewa ni nyepesi kuliko deni la pikipiki isiyokuwapo, na nyepesi zaidi kuliko roho ya mtu.

Ikishafungwa, hapo ndipo inshallah inapopata mahali pake. Isomwe dua ya safari, na moyo utulie kwa Mola wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awabariki vijana wetu katika riziki ya halali, na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.